Masaa Mawili ya Luluabourg

Miaka ile ya kwanza ya uhuru wa Kongo, mtu akifika Nyamianda, mtaa wa Uvira, akauliza ni mbali kiasi gani kutoka Usumbura mpaka Léopoldville, hakupelekwa posta wala misioni kwa mapadri. Alionyeshwa nyumba ya matofali mabichi nyuma ya soko, kwa Generose. Generose alikuwa akigeuza juani ndagala zake, wale dagaa wa ziwa, na jibu alilitoa bila kuinua kichwa: kilometa elfu moja mia tano na sitini, hewani, bila kona hata moja. Yeye mwenyewe chombo kikubwa kuliko vyote alivyowahi kupanda kilikuwa kamyo ya pamba, na hiyo nayo alishuka akitapika kabla haijafika Kiliba.

Namba hiyo aliachiwa na mumewe. Wanawake wengine waliachiwa mimba, yeye aliachiwa kilometa, na alizitunza hivyo hivyo, kwa uangalifu na kwa majivuno kidogo.

Mume alikuwa Bonaventure, komi, yaani karani, wa posta, kijana mwembamba wa pale pale Uvira, mwenye mwandiko uliowafanya watu wapeleke barua ambazo hazikuwa za lazima. Walifunga ndoa wiki mbili baada ya Pasaka ya mwaka 1960. Juni wakacheza uhuru na mji mzima, Generose akiwa amevaa kitenge kipya ambacho kilitoa rangi ya kijani mpaka kwenye magoti. Julai Wazungu wakafunga masanduku kwa haraka ya watu walioona moto, wengine wakasahau mbwa zao, na nchi nzima maofisi yakabaki na viti vitupu. Agosti ikaja barua kutoka Léo: komi anayejua mashine ya telegrame anatakiwa mara moja. Bonaventure akasema ni miezi sita tu. Alisema hivyo kwa roho safi. Serikali yenyewe wakati ule ilikuwa haijui kama itafikisha miezi sita.

Nusu ya mtaa walimsindikiza. Siku hizo kuvuka kwenda Usumbura, upande wa Burundi, palipo na kiwanja cha ndege, ilikuwa kazi ya kuvaa viatu tu. Ulipanda kamyo asubuhi, ukapita Kavimvira, ukaona viboko wakioga Ruzizi, polisi mmoja akakupungia mkono bila kuamka vizuri, basi, umefika. Mpaka ulikuwa maji. Generose alisimama kwenye uzio wa kiwanja cha ndege na kuona mume wake akipanda ngazi akishika kofia kwa mkono mmoja na valizi kwa mwingine, na alichokumbuka baadaye ni kwamba Bonaventure aligeuka kuaga upande usio wao. Alimpungia mkono mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa amesimama peke yake, na mzee wa watu akampungia naye.

Barua ya kwanza ilifika baada ya wiki tatu. Bonaventure aliandika kama komi: tarehe, kilometa, saa. Walikuwa wameondoka Usumbura saa mbili asubuhi, ndege ikatua Luluabourg kunywa petroli, na saa sita na nusu wakawa Léopoldville. Chai amekunywa kwao, aliandika, na bugali wa mchana amekula Léo, ila bugali wenyewe si wa kusifu.

Generose akahesabu kwa vidole. Masaa manne na nusu. Kwenda Sange kwa miguu ni masaa saba, ukiwa huna mzigo na hukuongea na watu njiani. Jioni ile aliwatangazia majirani kwamba mume wake yuko karibu kuliko Sange. Walicheka sana, lakini tangu siku ile ndoa yake ilikaa vizuri moyoni. Upweke ulipomjia, akiwa anasonga bugali wa mtu mmoja kwenye chungu cha watu wawili, alijiambia kwamba ni masaa manne na nusu tu. Ukianza kuanika ndagala za asubuhi, kabla hazijakauka, umefika.

Miezi sita ikawa mwaka, mwaka ukaanza wa pili. Huko Léo, Bonaventure aliandika, nyumba hakuna, analala na makomi wengine wanne katika chumba kimoja, avumilie kidogo. Desemba ya 1961 akapewa konji, likizo ya wiki mbili, na telegrame ikaja.

Telegrame ilisomwa mbele ya nyumba na mwalimu Gratien, aliyefundisha darasa la tano na kuvaa tai hata Jumamosi. Aliisoma kwa sauti ya darasani: kuondoka Léo Jumamosi saa mbili asubuhi, kufika Usumbura saa nane na nusu mchana. Generose alianza kucheka kwa furaha. Halafu akasikia nyuma yake mtu anahesabu.

Aliyehesabu ni shangazi yake, Léocadie, dada wa baba yake, muuza mawese. Shangazi Léocadie alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya soko. Alikuwa amezika wanaume wawili, na wote wawili, baada ya kufa, aliwachunguza upya na kuwakuta na hatia. Alihesabu vidole vyake mara mbili, akachukua na vya Generose, akahesabu tena.

"Kwenda, masaa mane na nusu," alisema. "Kurudi, masaa sita na nusu. Avio ni ile ile moja, njia ni ile ile moja. Ile masaa mbili anaipeleka wapi?"

Ndipo shangazi mwenyewe akakumbuka kwamba ndege hutua njiani.

"Luluabourg," alisema, akalitua hilo neno chini polepole kama mtu anayetua beseni la mawese.

Kuanzia siku hiyo Luluabourg, pale Nyamianda, haikuwa mji tena. Ilikuwa mwanamke. Kabla ya Krismasi tayari alikuwa mweupe na mnene, kabla ya mwaka mpya akawa na jino la dhahabu, na kufikia mwezi wa pili wanawake wa kisimani walikuwa wamemzalisha watoto wawili na kumnunulia baiskeli. Kila mtu alijua ratiba: ndege inashuka, abiria wengine wanakunywa limonade kiwanjani, Bonaventure anakimbia mjini, anakula kwa Luluabourg, anabeba mtoto kidogo, anarudi mbio kabla ngazi haijaondolewa. Masaa mawili yalikuwa yakitosha kabisa. Fundi wa viatu pale sokoni alipima hata urefu wa hatua.

Bonaventure alifika akiwa amekonda na amejaa zawadi ndogondogo, na kosa lake kubwa lilikuwa kusema kweli. Alisema kwamba saa ya Léo iko nyuma ya saa ya Uvira kwa saa moja, kwa hiyo ukienda unapata saa moja ya bure na ukirudi unairudisha, na kwa kweli safari ni masaa matano na nusu pande zote. Alilieleza hilo kwa wakwe zake, amekaa kwenye kiti cha heshima, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Mwanaume anayekuambia kwamba saa sita yake siyo saa sita yako ana kitu anachoficha. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho kwa utulivu, akasema kwamba hata marehemu wake wa kwanza alikuwa na saa yake mwenyewe, na ndiyo iliyomuua.

Zile wiki mbili za konji, Generose alizikumbuka maisha yake yote kwa mambo madogo. Jinsi Bonaventure alivyoamka na kutembea peku uani kama mtu anayehakikisha ardhi iko pale. Jinsi walivyokwenda Kalundu kuangalia meli ikishusha mizigo, wakala mikate wamekaa juu ya magunia ya pamba, na ziwa siku hiyo lilikuwa limetulia hata ungeona milima ya Burundi imelala ndani yake kichwa chini. Hakumuuliza habari za Luluabourg. Alitaka sana kumuuliza. Mara tatu alifungua mdomo, na mara zote tatu alichouliza ni kama ataongeza mboga ya sombe.

Alipoondoka tena, barua yake ilisema vile vile: kuondoka saa mbili, kufika saa sita na nusu. Masaa manne na nusu. Konji ya 1963, kurudi, sita na nusu. Sasa kulikuwa na ushahidi wa kuaminika, na shangazi alikuwa akiubeba kila mahali pamoja na mawese yake.

Mwalimu Gratien alijaribu kumsaidia Generose. Alileta papai na taa ya kandili uani, siku ya Jumapili baada ya misa, akageuza papai polepole mbele ya taa, akaonyesha kwamba hapa ni Uvira, hapa ni Léo, na jua linaanza kwetu. Watu walikuwa wengi. Shangazi Léocadie alitazama papai, akatazama taa, kisha akamuuliza mwalimu kama anataka kusema kwamba Léo, kule serikali iko, wanaamka nyuma ya watu wa Nyamianda.

Mwalimu akasema ndiyo, hasa, ni hivyo.

"Basi ndiyo sababu inchi iko vile iko," alisema shangazi.

Uani palilipuka kicheko, na ile kweli ikafa pale pale. Papai lililiwa na watoto.

Lakini Generose hakucheka. Alijua kinachofuata, na kikafuata. Mwanzoni mwa 1964 shangazi na baba yake walikaa, wakaamua. Miaka minne karibu inaisha, mtoto hakuna, nyumba Léo hakuna, na masaa mawili kila safari hayana maelezo. Bonaventure akipitisha Juni bila kumchukua mke wake, Generose atarudi kwa baba yake, na ndoa itakuwa imekwisha. Shangazi ndiye aliyeleta habari hiyo, na kwa mara ya kwanza alisema polepole, kwa sababu alimpenda yule binti kuliko alivyowahi kuwapenda wale wanaume wake wawili. Hataki, alisema, amuone akizeeka anasubiri mtu anayeshuka njiani.

Alhamisi iliyofuata akashuka Gakwaya. Gakwaya alikuwa mfugaji wa Bijombo, kule juu, Mprotestanti mrefu mwenye fimbo, aliyeleta siagi ya ng'ombe sokoni kila wiki na kupumzisha miguu yake uani kwa Generose kabla ya kurudi. Hakunywa pombe, jambo ambalo Wakatoliki wa Nyamianda walilihesabu kama ugonjwa na kumwonea huruma. Alikuta shangazi anarudia hesabu yake kwa mara ya mia, akasikiliza akiwa ameegemea fimbo kwa mguu mmoja, kama wanavyosimama watu wa ng'ombe. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mama, ile Léo iko juu ao iko chini?"

Watu walitazamana. Hilo walilijua wote. Léo iko chini. Maji yote ya Kongo yanateremkia Léo, hata ziwa lao wenyewe linatoka kule Albertville, linaingia mtoni na kushuka mpaka Léo. Kila aliyekaa kando ya maji alilijua hilo bila mwalimu na bila papai.

"Minye nikitoka Bijombo asubuhi," Gakwaya alisema, "nafika hapa jua ingali. Nikirudi, nalala njiani, nafika kesho yake. Njia ni ile ile, miguu ni ile ile. Bibi yangu hajaniuliza hata siku moja masaa ya kupanda naipeleka wapi. Avio nayo iko chuma. Ikienda inateremka. Ikirudi inapanda, na chuma yake yote. Masaa mbili ni kidogo."

Shangazi Léocadie, ambaye hakuwahi kuheshimu cheo wala joho, alitazama miguu ya Gakwaya, misuli yake migumu kama kamba za meli, vumbi jekundu la mlimani mpaka magotini. Hapo palikuwa na ushahidi. Alisema, kwa kunung'unika, kwamba ng'ombe ndio wanaochoka, avio haichoki. Gakwaya akamjibu kwamba kama haichoki, mbona inatua Luluabourg kunywa?

Ndani ya wiki moja habari ilikuwa imezunguka mtaa: avio inapanda. Fundi wa viatu akaacha kupima hatua. Mwalimu Gratien alipita akitikisa kichwa, akasema hayo ni mambo ya washenzi, lakini hakuna aliyemwomba alete papai jingine. Generose alilipokea jibu lile jinsi lilivyo, hakuligeuza kuona upande wa pili una nini. Usiku ule alilala mpaka kukapambazuka. Shangazi naye hakufuta hukumu, aliiahirisha tu. Juni ni Juni, alisema.

Juni haikungojwa. Mwezi wa nne tayari kulikuwa na waasi, vijana wa bonde la Ruzizi waliopakwa dawa na kunyunyiziwa maji, wakiamini risasi zitawageukia kuwa matone. Wanajeshi wa serikali walipita Nyamianda wakielekea mbele wakiimba, halafu wakapita wakirudi bila kuimba. Kalundu meli hazikuja. Sokoni mawese yalikuwa mengi na wanunuzi hawakuwapo, na watu walianza kusema kwa sauti ndogo, hata wale ambao hawakuwahi kuijua sauti ndogo. Mei, katikati yake, mji ukaingia mikononi mwao. Uvira ile ya kamyo na magunia ya pamba, ya polisi mwenye usingizi pale Kavimvira, iliondoka wiki hiyo, na wengi waliokuwa wakiilalamikia waligundua baadaye kwamba walikuwa wakiilalamikia paradiso.

Telegrame ya mwisho haikupita posta. Ililetwa na dereva aliyetoka Usumbura, imekunjwa ndani ya soksi. Bonaventure aliandika: Natoka Léo Jumanne saa moja asubuhi. Ndege inakaa Usumbura saa moja, inageuka. Njoo kiwanjani na valizi moja. Nimepata nyumba na nafasi yako.

Ilifika Jumatatu jioni. Generose alifunga valizi. Alipotoka nje alfajiri alimkuta shangazi Léocadie mlangoni, amejifunga vitenge viwili, tayari.

"Nakuja," alisema shangazi. "Nataka kuona nani anashuka naye. Akishuka na mutu, weye unarudi na minye, na maneno yanaisha pale pale."

Generose alisema sawa. Ndiyo makubaliano waliyoondoka nayo.

Mwalimu Gratien alijiunga nao barabarani, akiwakimbilia ndugu zake Gatumba, bado amevaa tai. Barabara ilikuwa imejaa magodoro, kuku na wazee waliobebwa mgongoni. Kavimvira vijana wenye bunduki na majani kichwani waliwasimamisha watu wote, wakawakalisha chini juani, wakatafuta ndani ya mizigo vitu ambavyo wao wenyewe hawakuvijua. Masaa yalipita. Shangazi aliambiwa anyamaze mara nne. Mwishowe kijana mmoja, ambaye mama yake alikuwa akinunua mawese kwake, akageuza uso pembeni na kuwaacha wavuke.

Walipokuwa ng'ambo, kwenye nyasi za Gatumba, mwalimu Gratien alitazama saa yake ya mkononi akasimama. Ilikuwa saa sita kasorobo. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu akiwa amekaa pale juani, na alikuwa na sura ya mtu anayeleta msiba.

"Mama Generose, tusidanganyane," alisema. "Safari ni masaa matano na nusu. Ametoka saa moja: saa sita na nusu. Toa ile saa moja ya Léo: saa tano na nusu. Ndege imekwisha kutua. Saa sita na nusu inaondoka, na wewe una masaa mawili ya kutembea."

Alikuwa mwalimu mzuri, na papai lake lilikuwa la kweli. Lakini hofu ya Kavimvira ilimfanya atoe pale alipotakiwa kujumlisha. Aliwashauri wageuke, wakae Gatumba kwa ndugu zake mpaka hali itulie. Kutembea masaa mawili kukimbilia kiwanja kitupu, na barabara kama hii, ni kujitafutia kifo. Alisema kwa huruma, na alimaanisha.

Generose aliweka valizi chini. Ndipo alipojua kwamba hajawahi, hata siku moja, kuamini jambo kwa miguu yake. Jibu la Gakwaya aliliamini kwa masikio tu, kwa sababu lilimpa usingizi. Akigeuka, Bonaventure atakuta uzio mtupu, ataelewa vibaya, na Juni itakuwa imefika kabla ya tarehe yake. Akiendelea, labda mwalimu anasema kweli. Alimtazama shangazi.

Shangazi Léocadie alikuwa akipumua kama mvukuto, miguu imevimba, kilemba kimekaa upande. Hakuna aliyekuwa na sababu kubwa kuliko yeye ya kutaka hesabu ya mwalimu iwe kweli.

"Mwalimu," Generose alisema, "minye sijui jua. Lakini kurudi ni masaa sita na nusu, kila mara, sijawahi kuona ingine. Ametoka saa moja. Saa hii avio iko inapanda bado."

"Mama, ndege haipandi..."

"Acha ipande," alisema shangazi Léocadie, akaichukua ile valizi na kuitia kichwani mwake. "Tunaenda."

Mwalimu alibaki Gatumba, wao wakatembea. Walivuka daraja la Ruzizi kubwa, mkono wa pili wa mto, pamoja na mbuzi wa watu. Hawakuongea, na kwa shangazi hilo lilikuwa kama kufunga chakula. Mara moja tu Generose alidhani amesikia mngurumo nyuma ya mawingu, akaongeza mwendo mpaka kandambili moja ikakatika, akazivua zote mbili akaendelea peku. Mji ule ulikuwa umekwisha kubadilishwa jina na kuitwa Bujumbura, lakini hakuna mdomo wa Nyamianda uliokuwa umezoea, na wao wawili waliingia Usumbura.

Saa nane kasorobo walifika kwenye uzio. Ndege ilikuwa imetua robo saa tu kabla yao. Ngazi ndiyo kwanza ilikuwa imesogezwa, mlango unafunguliwa.

Shangazi alimshika Generose mkono wa kulia, juu ya kiwiko, na hakuuachia. Alishuka padri. Wakashuka Wazungu wawili wa gazeti, wakiwa wamejaa mikanda ya kamera. Akashuka sista mwenye miwani. Halafu mlangoni akatokea mama mmoja, mweupe, mnene, amevaa vizuri, anashuka polepole akishika pindo la nguo, na nyuma yake, amebeba mtoto, akashuka Bonaventure.

Vidole vya shangazi viliingia nyamani. Generose aliona kila kitu kwa uwazi wa ajabu: soksi za yule mtoto, moja nyeupe, moja ya bluu. Akafikiri, bila sababu yoyote, kwamba huyo mama hajui kulinganisha soksi.

Chini ya ngazi akatokea afande mmoja mnene wa forodha, akamkumbatia yule mama, akampokea mtoto kutoka mikononi mwa Bonaventure, akamshukuru kwa kumbeba. Wakaondoka watatu, wakicheka. Bonaventure akabaki peke yake na kofia yake, anatazama uzio kwa macho ya mtu anayeogopa kuhesabu. Akamwona Generose. Alikuja akitembea, halafu akaja akikimbia.

Kabla hajafika kwa mke wake alizuiwa na shangazi. Alimkamata kola ya shati, kwa mikono miwili, kama anayetaka kumnyanyua. Bonaventure alisimama wima, mtu mzima, komi wa serikali, akingoja hukumu. Lakini shangazi alikuwa ameacha kumtazama usoni. Alikuwa akitazama ile kola. Ilikuwa imechanika na kushonwa kwa uzi mweusi juu ya shati jeupe, mishono mikubwa iliyopinda, mmoja unakwenda Mashariki, mwingine Magharibi, fundo kubwa kila mwisho, kama ya mtu anayeshona nyavu.

"Nani alikushonea hii?"

"Minye mwenyewe, shangazi. Juzi. Na ile ya mwaka jana, nayo minye."

Shangazi Léocadie aligeuza kola upande wa ndani, akaona ya mwaka jana. Akageuza mkono wa shati, akakuta nyingine, ya zamani zaidi, mbaya zaidi. Mwanamke yeyote duniani, awe mnene, awe na jino la dhahabu, asingemruhusu mwanaume wake kutoka mlangoni na kitu kile shingoni. Hata kwa masaa mawili. Alilisoma lile shati, miaka minne yote, mshono kwa mshono, na midomo yake ikatikisika kidogo kama ya mtu anayesali au anayezuia matusi.

"Vua," alisema.

Bonaventure alisema ndege itaondoka saa nane na nusu. Shangazi akamjibu kwamba basi avue haraka. Alimwendea yule sista mwenye miwani, akamwomba sindano na uzi mweupe kwa sauti ambayo hata sista aliitii, akakaa kwenye nyasi kando ya uzio, miguu yake iliyovimba imenyooshwa mbele. Mkwe wake alisimama pembeni na singlendi, mbele ya watu wote wa kiwanjani, ameshika mkono wa mke wake na hajui afanye nini na kofia. Generose ndiye aliyeichukua. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaja Luluabourg, siku hiyo wala baadaye.

Shangazi alifumua uzi mweusi, wa mwaka huu na wa mwaka jana, akashona upya, mishono midogo, iliyobanana, bila kuinua kichwa. Generose aliketi karibu naye. Alimwambia aje nao, hata kama nafasi hakuna wataomba. Shangazi alisema Léo ni joto, na watu wanaochelewa kuamka hawanunui mawese. Atakaa Gatumba kwa ndugu za mwalimu, na mji ukitulia atarudi kwake. Alimwambia pia, akiwa bado ameinamisha kichwa, kwamba mwanaume wa kushona hivi asiachwe tena peke yake, ni hatari kwa nguo.

Wakaanza kuita abiria. Shangazi Léocadie akakata uzi kwa meno, akamtupia Bonaventure shati lake, akamrudishia sista sindano. Alisimama kwa shida, akajifunga vitenge upya, vyote viwili. Hakumkumbatia mtu.

"Vaeni muende," alisema.

Kutoka dirishani Generose alimwona akitembea kwenye ile barabara waliyokuja nayo, dhidi ya watu wote waliokuwa wakija, mpana, taratibu. Mbele ya mzee mmoja aliyebeba debe la mawese alisimama, akafungua kifuniko bila kuomba ruhusa, akachovya kidole, akaonja, akaanza kumgombeza.